Kariakoo ilivyoingia ikulu ya wafalme wa Korea

Agosti 2025 kituo cha tvN cha Korea Kusini kilianza kurusha tamthilia ya dada mmoja mpishi, yuko kwenye ndege akitokea Ufaransa. Jua linapatwa. Akifumbua macho yuko Korea ya miaka 500 iliyopita, mbele ya mfalme dhalimu asiyeheshimu kitu ila chakula kitamu. Inaitwa Bon Appétit, Your Majesty, na mfalme wake amefinyangwa kwa mfano wa Yeonsangun, aliyetawala dola ya Joseon kuanzia 1494 hadi alipopinduliwa mwaka 1506. Episodi ni 12 tu, na ya mwisho ilitoka mwishoni mwa Septemba.

Kariakoo, Dar es Salaam, hukutana na picha za namna hii kwenye vibanda vyembamba, vingine upana wa mlango mmoja, vyenye kompyuta, feni na spika inayoelekezwa barabarani. Mteja anatoa flashi kwenye pochi. Hatamki jina la Kiingereza. Anasema "ile ya mpishi wa mfalme". Kijana wa dukani anafungua folda la Wakorea, anashuka nalo, anauliza: "Dada, nikuwekee yenye DJ au ya maandishi?" Yenye DJ ni ile iliyosimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti ya Kikorea. Ya maandishi ni ya wanaojiweza kwa Kiingereza, na wanaodhani wanajiweza. Simu inaita, mteja mwingine anaingiza mkono na memori kadi yake, na flashi inajaa kabla bei haijamalizwa kupatanwa.

Mapenzi ya ikulu, hata hivyo, yaliingia mji huu zamani kuliko Wakorea. Wakoloni waliigawa Dar es Salaam mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga watu. Majumba ya sinema yakawa upande wa pili: Empire, Avalon, Odeon, Empress, Cameo, New Chox. Ilala kulikuwa na Amana. Watu wa Kariakoo wakauvuka Mnazi Mmoja kwa miguu, wamevaa vizuri, kwenda kumlilia Raj Kapoor katika Awara ya mwaka 1951. Ilipokuja Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, mwanamfalme Salim akampenda Anarkali, mcheza ngoma wa ikulu, na baba yake, mfalme Akbar, akasema haiwezekani. Mtu aliyeijua picha hiyo hahitaji kufundishwa tamthilia ya Kikorea. Kuna kiti cha enzi, binti asiye na ukoo, mama mfalme mwenye jicho kali, na mapenzi ambayo dola nzima inayapinga. Vazi tu limebadilika.

Mwaka 1966 ukafunguliwa uwanja wa sinema ya magari, Drive-In, pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Miaka ya 1970 ikaleta Bruce Lee na mapigano ya Kichina, na tangu hapo vijana wa mjini hawasemi mhusika mkuu, wanasema steringi, na sheria ya kwanza ya picha ikawa kwamba steringi hafi.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, na pengo hilo ndilo lililoipa nguvu kanda ya video. Mwenye deki na jenereta alikuwa na sinema yake. Mabanda ya mabati yakaota kila kona, na ubao wa mabenchi wenyewe ukayapa jina la kibanda umiza. Tatizo likawa lugha. Mhindi aimbe, Mchina apige kelele, Mmarekani anong'one. Nusu ya ukumbi haikupata neno. Hapo ndipo akaingia msimulizi.

Msomaji aliyekulia Dar mwanzoni mwa miaka ya 2000 atamkumbuka Lufufu, jina lake halisi Derek Mukandala. Picha ilipotembea, sauti ya wenyewe ilishushwa, naye akaingia juu yake: akatafsiri, akaeleza desturi, akampa adui matusi ya hapa hapa mjini, akaongeza ushauri ambao mtunzi wa picha hakuuota. Kanda zake zilinakiliwa na kuuzwa, na mtu alinunua sauti ya Lufufu kwanza, picha baadaye. Mwanazuoni wa Kijerumani, Matthias Krings, aliikalia kazi hiyo na kuiandikia kwa heshima ya sanaa iliyokamilika. Sisi wenyewe tuliichukulia kama kelele za mabanda. Uganda nako kulikuwa na wenzake waliosimulia kwa Kiganda, na Kenya baadaye ikampata DJ Afro.

Ndipo akaja Jumong.

Tamthilia hiyo ilirushwa na kituo cha MBC cha Korea kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007, episodi 81, ikimhusu kijana anayedhaniwa kuwa goigoi na ambaye hatimaye anaanzisha dola ya Goguryeo, mwaka 37 kabla ya Kristo kwa mapokeo ya Wakorea. Dar ilifika kwa njia ya diski. Sizoni nzima ilibanwa kwenye DVD chache zenye picha ya ukungu, jaladani Kiingereza cha kukosea, na kupangwa juu ya turubai kando ya mitaa ya Msimbazi na Congo, baina ya soksi na chaja. Zikafuata Jewel in the Palace yenye episodi 54 na The Great Queen Seondeok yenye 62. Nyumba zilikaa macho hadi alfajiri. Watoto wakatengeneza pinde za miti ya mwarobaini. Wahusika wa Kikorea wakapewa majina ya Kiswahili na wasimulizi, maana Soseono alikuwa mgumu kutamkika kwa bibi wa Magomeni, na bibi alikuwa mtazamaji kama mwingine.

Kwa nini Wakorea, na si Wachina waliokuja na nguvu ya serikali? Wachina walikuja kweli. Mwaka 2011 TBC ilirusha kwa Kiswahili tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, na Machi 2013 Rais Xi Jinping, akihutubia Dar es Salaam, aliitaja kwa fahari. Ilipendwa. Waturuki nao wakaingia kupitia Azam TV na Sultan, habari za Suleiman na Hurrem, na wake wa mji wakahamia Istanbul kwa muda. Lakini hizo zililetwa na vituo vyenye mikataba. Wakorea walibebwa kichwani na machinga, bila tangazo la biashara hata moja, na kwa kipimo changu hicho ndicho cheti kikubwa zaidi cha kupendwa.

Sasa turudi kwa huyu mpishi aliyedondoka karne zilizopita, maana tamthilia za kuvuka zama zina jambo lake. Mwaka 2012 peke yake Korea ilitoa nne zinazokumbukwa: Rooftop Prince, Queen In-hyun's Man, Dr. Jin na Faith. Katika Faith daktari wa upasuaji wa Seoul ya leo anaburutwa na jemadari Choi Young hadi karne ya 14, akamtibu malkia wa mfalme Gongmin. Wanapendana, bila shaka. Ila Choi Young ni mtu wa kweli wa historia, na daktari amesoma shuleni kwamba ataishia kuuawa na Yi Seong-gye, mwanzilishi wa Joseon. Kisha siku moja analetewa kijana mgonjwa, anamwokoa, na ndipo anasikia jina lake: Yi Seong-gye. Episodi hiyo haihitaji upanga.

Katika Moon Lovers ya mwaka 2016, binti wa leo anaamkia mwaka 941 ndani ya mwili wa mwingine, akampenda mwanamfalme anayejulikana vitabuni kama Gwangjong, mfalme wa damu. Mwisho wake uliwaudhi wengi, kwa sababu historia haina habari na sheria ya steringi hafi. Hadithi yenyewe ilitoka kwenye riwaya ya Kichina ya Tong Hua. China ilikwisha kuitengenezea tamthilia mwaka 2011, mwaka ule ule ambao mamlaka yao ya utangazaji ilizikemea picha za kuvuka zama kwamba zinachezea historia.

Mtu wa Kariakoo hashangai mno safari hizo. Aliyepita madrasa anawajua watu wa pangoni, waliolala miaka 300 na kuongezewa 9, kisha mmoja wao akatumwa sokoni kununua chakula na fedha ya zama zilizopita. Kinachomfurahisha katika za Wakorea ni ule mguu wa pili: mtu wa leo anaingia ikulu ya kale, hajui wapi pa kupiga magoti, anamwuliza mfalme maswali ambayo mtazamaji sebuleni anayauliza. Na mimi nasema kazi hiyo Dar ilikuwa nayo kabla. Lufufu na waliomfuata, kina DJ Mack na DJ Murphy, ndio watu wa leo waliodondoka ndani ya ikulu za watu. Msimulizi anapomwambia mfalme wa Goguryeo "mzee hapa umechemka", amevuka miaka 2,000 bila kupatwa kwa jua.

Biashara hii ina wenye kilio, na kilio chao ni halali. Filamu zote zilitakiwa zikaguliwe chini ya sheria ya mwaka 1976, Sheria ya Hakimiliki ni ya 1999, na tangu 2013 diski za muziki na filamu zilitakiwa kubandikwa stempu za kodi. Diski za Wakorea hazikuwa na lolote kati ya hayo. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana hadi Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kodi. Wateja wengi hawakuwaunga mkono. Waliwajibu kwamba tengenezeni nzuri tununue. Jibu hilo lilikuwa la kikatili, na lilisahau kwamba Mkorea kwenye turubai aliuzwa bei ya diski tupu. Hakuna msanii wa Tanzania anayeweza kushindana na bei hiyo. Juni 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Seoul kwenye mkutano wa Korea na Afrika, baadhi ya wasanii wetu wa filamu walikuwa huko kujifunza kwa wale wale.

Diski nazo zimekwisha. Flashi inafuata, maana simu imeingia, na wasimulizi wamehamia mtandaoni. Kanda za VHS za kizazi cha Lufufu ziko kwenye maboksi uvunguni, na joto la Dar na unyevu wa bahari huzitia ukungu. Ndani yake mna Kiswahili cha mjini cha miaka ile, utani wake, matusi yake na mafumbo yake, ambacho hakikuandikwa popote. Mwenye nazo asizitupe wala asirekodie juu yake. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo Upanga, si mbali na Kariakoo, na Bodi ya Filamu ingefanya jambo la maana kuzikusanya kabla hazijaharibika zote.