Bastola ndani ya nyumba ya magurudumu: Ya kupimwa kabla ya safari ndefu Marekani

MSAFIRI anayeondoka Texas akiwa na bastola yenye risasi kando ya kitanda chake, ndani ya gari analolifanya makao, kwa kawaida hana kosa lolote. Sheria ya jimbo hilo inalitaja waziwazi gari la aina hiyo kuwa makazi iwapo mtu anaishi ndani yake, hata ikiwa ni kwa muda tu. Lakini mtu huyo huyo, akiwa na bastola iyo hiyo katika gari lilo hilo, akifululiza hadi New Jersey bila kubadilisha chochote, anaweza kulala korokoroni.

Hapo ndipo penye kiini cha suala ambalo huwasumbua wengi wanaoizuru Marekani kwa nyumba za magurudumu: je, wabebe silaha ya kujilinda au waiache nyumbani? Wakenya nao hawako mbali na suala hili. Wapo walioishi huko kwa miaka mingi, na shule zinapofungwa hukodi magari hayo ili kuwatembeza watoto. Wapo pia wazazi wanaoalikwa kutoka huku nyumbani kwenda kuwaona wajukuu, wakajikuta katika safari ya majimbo saba au manane.

Kwanza, tuelewane kuhusu jina. Wamarekani huyaita magari haya RV, na Kiswahili hakijayapatia neno lililokubalika na wote. Yako ya namna mbili kuu. Lipo lenye injini yake, ambalo dereva huinuka kitini na kuingia moja kwa moja jikoni. Lipo pia trela linalokokotwa na pikapu. Kampuni ya Winnebago, iliyoanzishwa jimboni Iowa mwaka wa 1958, ilivuma kiasi kwamba jina lake likawa kama jina la gari lenyewe. Kuna wastaafu na vibarua wa misimu ambao hawana nyumba nyingine yoyote. Maisha yao yalisimuliwa na Jessica Bruder katika kitabu kilichotoka mwaka wa 2017, na filamu iliyotokana nacho, Nomadland, ikatwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka wa 2021.

Hofu ya watu hawa si ya kubezwa. Wengi hukwepa gharama ya kambi za kulipia, wakaegesha katika ardhi ya umma huko Arizona, Nevada au Utah, ambako kwa kawaida mtu huruhusiwa kukaa siku 14 kabla ya kuhama. Huko hakuna taa, hakuna mlinzi, na mara nyingi simu haina mawimbi. Afisa wa usalama aliye karibu anaweza kuwa mwendo wa saa nzima. Mlango wa gari lenyewe ni mwepesi, na kufuli yake haimzuii mtu aliyedhamiria. Mwanamke anayesafiri peke yake, akisikia nyayo nje saa nane za usiku, hahitaji kufundishwa na mhariri wa Nairobi maana ya woga.

Isitoshe, katika nchi hiyo kumiliki bunduki ni haki ya kikatiba. Marekebisho ya Pili ya Katiba yaliidhinishwa mwaka wa 1791, na Mahakama ya Juu ikaamua mwaka wa 2008, katika kesi ya Heller, kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi anayetaka kujilinda nyumbani kwake. Mwaka wa 2022, katika kesi ya Bruen, mahakama hiyo ilipanua haki hiyo hadi nje ya nyumba. Kufikia mwaka wa 2024, majimbo 29 yalikuwa yakimruhusu mtu mzima asiye na pingamizi la kisheria kubeba bastola bila kibali chochote. Kwetu Kenya mambo ni kinyume. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, leseni ni hisani ya serikali wala si haki, na Desemba 2018 raia wote waliokuwa nazo waliamriwa kupigwa msasa upya.

Hata hivyo, anayedhani kwamba haki ya kikatiba inamfuata sawasawa kila anapopita atajuta. Kila jimbo lina sheria zake. Kibali kilichotolewa Pennsylvania hakitambuliwi New Jersey. Na California na New York hazitambui vibali vya majimbo mengine. Hata pale bastola yenyewe inaporuhusiwa, huenda magazini yake ikawa kosa: California imeweka kikomo cha risasi 10, Colorado 15. Kuna majimbo, Alaska na Michigan zikiwa miongoni mwao, yanayomtaka mwenye silaha amjulishe polisi mara tu anaposimamishwa. Mswada wa kuyalazimisha majimbo yote kutambuliana vibali ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi Desemba 2017, ukafia katika Seneti.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa mama mmoja wa Philadelphia. Mwaka wa 2013 alisimamishwa na polisi upande wa New Jersey kwa kosa dogo la barabarani. Kwa nia njema akamwambia afisa kwamba alikuwa na bastola pamoja na kibali cha Pennsylvania. Akatiwa mbaroni papo hapo, akakabiliwa na kifungo cha miaka isiyopungua mitatu. Kesi hiyo iliendelea kumwandama hadi Gavana Chris Christie alipomsamehe mwaka wa 2015. Hakuwa amemwelekezea mtu yeyote mtutu. Kosa lake lilikuwa kuvuka mto.

Wapo watakaosema kwamba sheria ya taifa humlinda msafiri. Ni kweli, ila kwa masharti magumu. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka wa 1986 humruhusu mtu kupita na bunduki katika jimbo linaloikataza, mradi silaha hiyo ni halali kule anakotoka na kule anakokwenda. Ni lazima bunduki iwe haina risasi, na kwamba bunduki na risasi zote mbili hazifikiki kutoka mahali abiria wanapoketi. Gari lisilo na buti iliyotengwa, ambalo ndilo hali ya nyumba nyingi za magurudumu zenye injini, hulazimu silaha kufungiwa katika sanduku lenye kufuli, na kijisanduku cha dashibodi hakihesabiki. Mwenye busara ataona kejeli iliyopo: silaha inayosafirishwa hivyo haiwezi kumlinda mtu dhidi ya anayebisha hodi kwa shoka.

Aidha, ulinzi huo ni wa anayepita, si wa anayekaa. Mwaka wa 2005, msafiri mmoja wa Utah aliyekosa ndege ya kuunganisha huko Newark alikabidhiwa mizigo yake, bastola ikiwemo, akalala nayo hotelini. Alipoitangaza asubuhi uwanjani, kama sheria inavyomtaka msafiri wa ndege, alikamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini aliposhtaki kudai haki yake, mahakama ya rufaa iliamua mwaka wa 2010 kwamba sheria ile ya 1986 haikumkinga, kwa kuwa silaha ilikuwa mikononi mwake usiku ule. Sasa mfikirie mtu anayeegesha kambini siku tatu ili watoto waogelee baharini.

Kuna fumbo jingine ambalo mwenye nyumba ya mawe halijui: je, hili ni gari au ni nyumba? Jibu hutegemea anayeuliza. Katika kesi ya California dhidi ya Carney, mwaka wa 1985, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba polisi wanaweza kuipekua nyumba ya magurudumu bila kibali cha mahakama, wakiwa na sababu ya kutosha ya kushuku uhalifu, kwa kuwa inaweza kuondoka wakati wowote. Upande wa pili, sheria ya Florida ya mwaka wa 2005 inayomruhusu mtu kutumia nguvu kumzuia mvamizi makaoni mwake imetafsiri makao kwa upana hata hema likaingia humo, sembuse gari la kulala. Yaani jambo lilo hilo ni gari afisa anapotaka kuingia, na ni nyumba jambazi anapotaka kuingia. Katika majimbo mengine maneno ya sheria si wazi kiasi hicho, na mtu aliyempiga mwenzake risasi ndiye hutumika kama mfano wa kuyafafanua.

Tuje kwa lile linalomhusu Mkenya moja kwa moja, na ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha katika mikusanyiko ya ndugu zetu huko. Sheria ya taifa la Marekani inamkataza mtu aliye nchini kwa viza ya muda kumiliki au kushika bunduki au hata risasi. Viza hizo ni pamoja na za utalii, za masomo na nyingi za kazi. Misamaha ipo lakini ni finyu. Unaojulikana zaidi ni wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Tangu mwaka wa 2022 adhabu ya kosa hilo imepandishwa kutoka miaka 10 hadi miaka 15 gerezani. Mwanafunzi anayepelekwa na marafiki kwenye uwanja wa shabaha Jumamosi, akakodi bastola kwa furaha tu na kujipiga picha, huenda amejitengenezea ushahidi.

Wala haihitajiki bastola iwe ya mtu huyo. Mahakama za Marekani hutambua umiliki wa namna mbili: wa kushika mkononi, na wa kuwa na uwezo na nia ya kukitawala kitu hata kikiwa kabatini. Tuseme bibi amekuja kwa viza ya utalii, naye mwanawe ambaye ni raia anamwambia: "Mama, nishikie mkoba huu wenye bastola nikitia mafuta." Anamtia mzazi wake hatarini asikojua. Mwenye gari ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba funguo za sanduku la silaha hazimfikii mgeni wake.

Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, yumo katika kundi tofauti. Anaruhusiwa kununua na kumiliki kama raia, mradi hana rekodi mbaya. Lakini tofauti yake na raia hujitokeza mambo yanapoharibika. Sheria ya uhamiaji inasema kwamba mgeni yeyote anayepatikana na hatia ya kununua, kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria anaweza kufurushwa nchini. Kosa ambalo kwa raia lingeishia kwa faini na kipindi cha uangalizi, kwake laweza kumaanisha ndege ya kurudi Nairobi na watoto kubaki Minnesota. Mtu asiwahi kukiri kosa la aina hiyo kwa kushauriwa na wakili wa jinai pekee; atafute pia wakili wa uhamiaji kabla ya kutia sahihi popote.

Mbuga za taifa nazo zina kanuni zake. Tangu Februari 22, 2010, silaha huruhusiwa humo kwa kufuata sheria za jimbo husika. Yellowstone basi ina sheria za majimbo matatu: Wyoming, Montana na Idaho. Hata hivyo, ofisi na vituo vya wageni vya serikali bado ni marufuku kuingia na bunduki. Kuhusu dubu, ambao huwatisha wageni kuliko majambazi, wasimamizi wa Yellowstone huwahimiza watu kubeba kopo la pilipili ya kupuliza. Ajabu ni kwamba kopo ilo hilo ni marufuku katika mbuga ya Yosemite.

Tukiweka sheria kando, ipo hali ya gari lenyewe. Kuta zake ni karatasi nyembamba za alumini au nyuzi za kioo juu ya fremu ya mbao. Risasi itakayomkosa mvamizi itapenya ukuta, ivuke nafasi ya mita chache, na iingie katika gari la jirani ambamo watu wamelala. Mitungi ya gesi ya kupikia imefungwa upande wa nje. Ndani, hakuna mahali pa kuificha bastola ambapo mtoto wa miaka sita hatapafikia baada ya siku mbili za mvua. Na kambini, anayelitikisa komeo usiku wa manane huenda akawa mlevi aliyeyachanganya magari yanayofanana.

Mwenye gari la injini ana silaha nyingine ambayo wengi huisahau: ufunguo wa kuliwasha. Anaweza kuondoka bila kufungua mlango, ikiwa ameliegesha likitazama njia na hakutandaza viti na meza nje. Mwenye trela hana bahati hiyo, kwa sababu ni lazima atoke ili aifikie pikapu. Tofauti hii, nadhani, ina uzito zaidi katika uamuzi huu kuliko mabishano yote ya kisiasa. Honi, taa kali ya nje, mbwa anayebweka na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti havimfurushi mtu nchini.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye viza ya muda asiiguse silaha kabisa. Mwenye kadi ya kijani anayenuia kuzunguka majimbo mengi aiache nyumbani. Raia aliyefunzwa vyema, anayezunguka kusini ambako sheria zinakaribiana, na asiye na watoto garini, ana hoja ya kusikilizwa; hata huyo asome kwanza mkataba wa kukodi gari iwapo si lake.

Yamebaki ya mipakani. Anayekwenda Mexico asijaribu: kuingia huko na bunduki au hata risasi moja iliyosahaulika mfukoni bila kibali huweza kumpeleka mtu gerezani. Anayekwenda Alaska kwa barabara ni lazima apite Kanada, ambako bastola ya kujilinda hairuhusiwi kwa mgeni, na pilipili ya kupuliza hupita tu ikiwa imeandikwa kuwa ni ya wanyama. Bunduki ndefu za kawaida huweza kuruhusiwa kwa kujaza fomu ya kuzitangaza na kulipa dola 25 za Kanada, kibali kikidumu siku 60. Fomu hiyo ijazwe mapema, lakini isitiwe sahihi hadi msafiri awe mbele ya afisa wa forodha.