Injinia Hakuuliza Tena

Wasee, tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia kisiwani Tenerife, Uhispania. Moja ya KLM, nyingine ya Pan Am. Hata hazikufaa kuwa pale. Bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani, Gran Canaria, zikaelekezwa huku. Ukungu nao ulikuwa mzito, watu wa mnara hawaoni ndege yoyote.

Rubani wa KLM, Jacob van Zanten, hakuwa mtu wa juzi. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747, na sura yake ilikuwa kwenye matangazo ya kampuni. Sasa jiweke kwenye kiti cha msaidizi wake. Mdosi anaongeza moto bila ruhusa. Unamkumbusha, anasimama. Muda kidogo tu, anaanza tena, na ruhusa ya kuruka bado haijatoka. Msaidizi safari hii hakumzuia. Injinia, aliyekaa nyuma yao, akasikia kitu kwenye redio, akauliza: kwani ile ya Pan Am haijatoka njiani? Mdosi akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Injinia hakuuliza tena.

Watu 583 walikufa.

Mtu akiniambia hayo ni makosa ya rubani tu, hapo tunakosana. Chumba kile kilikuwa na watu watatu, na wawili walikuwa na shaka.

Mwaka 1979 NASA iliita kikao kuhusu shida hii, na 1981 United Airlines ikaanza kufunza marubani wake: mdogo aseme, mkubwa asikize. Wazee wengine waliicheka sana, ati wanafunzwa adabu.

Halafu ikaja tarehe 19 Julai 1989. Ndege ya United, safari ya 232, injini ya mkiani ikapasuka na kukata mifumo yote ya haidroliki. Yaani usukani upo, lakini haufanyi kitu. Kapteni Al Haynes hakujifanya anajua. Denny Fitch, mwalimu wa marubani aliyekuwa abiria tu siku hiyo, akaingia na kushika mitambo ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Waliielekeza hivyo, wakishauriana, mpaka Sioux City. Ilianguka ikitua, watu 112 wakafa. Lakini 184 walitoka hai, na Haynes mwenyewe alisema bila yale mafunzo wasingefika.

Sasa niambieni, kwenu kazini mdogo akisema "boss, ngoja kwanza," huwa anafanywa nini?