Orodha Ishukayo Matawini: Historia Fupi ya Kupekua Faili

Mtumiaji wa kompyuta aandikapo amri fupi «ls -R» katika mfumo wa Unix, huletewa majina ya faili zilizomo katika saraka aliyomo, kisha ya zile zilizomo katika kila saraka ya ndani, tabaka baada ya tabaka. Kazi hiyo yaonekana ndogo. Hata hivyo ina historia yake, nayo yamhusu kila atunzaye maandishi.

Hapo awali haja hiyo haikuwapo. Katika mfumo wa CTSS, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza huko MIT, Marekani, mwaka 1961, faili za mtumiaji ziliwekwa katika orodha moja tu. Mwaka 1965 Robert Daley na Peter Neumann walieleza mpango wa faili wa Multics, ambamo saraka huweza kubeba faili na saraka nyingine pia, mithili ya mti wenye mzizi na matawi. Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walifuata mpango huo katika Unix, iliyoanza mwaka 1969. MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981 bila matawi, iliyapata mwaka 1983 katika toleo lake la pili.

Mti huleta mpangilio. Lakini kilichoko tawini hakionekani kutoka shinani. Ndipo ikahitajika programu ya kushuka. Programu hiyo husoma majina yaliyomo katika saraka. Ikikuta saraka nyingine, hujiita yenyewe ifanye kazi ile ile humo. Imalizapo, hurudi pale ilipoachia.

Utaratibu huo una mtego. Kila saraka ya Unix ina majina mawili ya pekee: nukta moja, yaani saraka yenyewe, na nukta mbili, yaani saraka iliyoizaa. Programu ikiyafuata itazunguka pasipo kikomo. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, ameeleza kwamba ili majina hayo yasionyeshwe, ls ya awali ilitazama herufi ya kwanza pekee; basi kila jina lililoanza kwa nukta likaachwa. Njia hiyo ya mkato ikageuka desturi. Hadi leo faili za namna hiyo hufichika, pamoja na yote yaliyomo katika saraka zenye majina ya namna hiyo, mpaka mtumiaji aongeze herufi «a» katika amri yake.

Tukihitimisha, yafaa tukumbuke kwamba kila orodha hutungwa kwa kanuni, na kanuni huacha kitu nje. Mtafiti anayehamisha simulizi alizozikusanya kwa miaka mingi asiifute diski ya zamani kwa kuwa tu orodha mbili zimelingana. Kwanza aulize: orodha hii imeagizwa iruke nini?