Toba na Jembe la Jirani

Ndugu msikilizaji hapo Giakanja, ni rahisi kusali “utusamehe” huku jembe la jirani liko nyumbani mwako. Mwaka 1929, kule Namirembe, Uganda, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walisoma Biblia na kuomba pamoja siku mbili. Uamsho ukaenea, ukafika Kabete mwaka 1937, kisha ukapanda mpaka kwetu mlimani. Walioamshwa walitaja dhambi zao kwa jina mbele ya ndugu. Aliyeiba alimrudishia mwenyewe mali yake. Wako waliojivunia toba yao, hilo nalo tuseme. Lakini tangu 1952, wakati wa Hali ya Hatari, toba hiyo ilijaribiwa. Wengi wao walikataa kiapo, wakakataa na bunduki ya serikali. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine. Baadhi yao waliuawa.