Neno “Kuzamisha” katika Uhalisia Ulioongezwa

Katika maandishi ya usanifu wa bidhaa yanayofasiriwa siku hizi, tumekutana na neno “kuzamisha” likitumiwa kusifia uhalisia ulioongezwa, yaani ufundi wa kuonyesha picha za kompyuta pamoja na vitu halisi vinavyotazamwa. Kabla ya kulikubali, hatuna budi kuitazama historia ya ufundi huo.

Mwaka 1968 Ivan Sutherland alieleza chombo cha kuvaliwa kichwani kilichoonyesha michoro ya mistari. Mtambo wa kupimia mwendo wa kichwa ulining’inizwa darini, lakini mvaaji aliweza kuuona mchoro pamoja na chumba alimokuwamo. Mwaka 1992 Thomas Caudell na David Mizell wa kampuni ya Boeing waliandika juu ya mafundi wanaofunga nyaya za ndege juu ya mbao kubwa. Badala ya kuchora njia za nyaya juu ya kila ubao, mchoro ungeonekana kupitia chombo cha kichwani. Fundi huyo hakuzamishwa popote. Angezamishwa, asingeuona waya wala mkono wake mwenyewe!

Mbunifu wa kiti naye anataka kukiona kiti ambacho bado hakijachongwa, kwa kipimo chake kamili, juu ya sakafu halisi. Kivuli chake kiangukie upande mmoja na vivuli vingine; mtu akipita mbele yake, kiti kifichwe; mbunifu akigeuza kichwa, kiti kisichelewe wala kuteleza. Kasoro moja tu katika hayo, jicho hukikataa. Kinachotafutwa, basi, ni kukifanya kitu cha kubuni kikae mahali halisi, wala si kumtosa mtu mahali pa kubuni.

Kwa hiyo tunapendekeza “kukalisha” kwa maana hii, na “kuzamisha” liachiwe uhalisia pepe, ambao humfunika mvaaji macho asiuone ulimwengu. Msomaji wa mwongozo wa kiwandani akiambiwa kwamba miwani itamzamisha, atadhani hataona mbele. Na karibu na msumeno unaozunguka dhana hiyo si jambo dogo.

Ama “ulioongezwa” lenyewe, uhalisia hauongezwi kama mshahara, nasi tungependelea neno jingine. Lakini limekwisha kuzoeleka, na kulibadili sasa kungewachanganya walimu waliokwisha kulifundisha.