Shule ya Watoto Waliobaki

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka, simu yangu haipumziki. Wazee wenzangu wa Mashuuru wanataka niwaambie, mimi mwalimu mstaafu, kwa nini sekondari zetu za kutwa huvuta mkia na zile za upande wa Kitengela zikatangulia. Eneo bunge letu ni moja, Kajiado Mashariki, mbunge ni mmoja, hata basari hutoka mfuko mmoja. Jibu langu huanzia mwaka 1911, na wengi hukata simu kabla sijafika uhuru.

Mkataba wa 1904 ulikuwa umetuondoa Wamaasai kwenye Bonde la Ufa. Ule wa 1911 ukawahamisha na waliokuwa Laikipia, wote wakasukumwa hifadhi ya kusini. Sisi wa Kaputiei, tawi mojawapo la Wamaasai, tulikuwa pembe ya mashariki, reli ya Mombasa ikipita mpakani, Sultan Hamud na Emali. Serikali ilipofungua shule Kajiado miaka ya 1920, hakuna baba aliyekimbilia kuandikisha. Machifu waliagizwa walete wavulana kadhaa, nao wazazi wakaihesabu kama kodi nyingine ya mifugo. Kodi ya mifugo hailipwi kwa fahali bora. Mvulana mwepesi, anayemtambua ndama mgonjwa kabla hajalala chini, alibaki na ng'ombe. Shule ikapewa yatima, mtoto wa mke asiyependwa, na yule wa kuugua kila masika.

Mimi nilitolewa kwa sababu ya mguu. Kisigino changu cha kushoto hakikanyagi sawasawa, na mchungaji wa kwetu hushinda kutwa akitembea, malisho hadi mto Kiboko na kurudi. Baba alimwambia chifu, "Chukua huyu." Kaka yangu alilia sana, wala si kwa kunihurumia: alijua kazi yangu ya ndama imekuwa yake.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya ukame wa 1961, na ukame huo ndio ulioanza kugeuza fikira za wazee. Ng'ombe walikufa mpaka boma zima likabaki na mizoga. Aliyeweza kununua unga bila kungoja chakula cha msaada alikuwa mwenye mtoto karani au mwalimu. Kisha ikaja sheria ya ranchi za vikundi, yaani ardhi ya kumilikiwa pamoja, mwaka 1968, Kaputiei tukiwa miongoni mwa wa kwanza kuundiwa. Kila ranchi ilihitaji kamati, na kamati ikahitaji katibu wa kusoma barua za mkopo. Wakaitwa wale wale waliotolewa kama kodi! Mwaka 1971 Rais Kenyatta akaondoa karo ya msingi katika wilaya kame, na kisingizio cha pesa kikapungua.

Wasichana walichelewa zaidi, kwa kuwa mahari yao ilikuwa ng'ombe wanaoonekana. Shule ya bweni ya kanisa la AIC Kajiado iliwafungulia mlango mwaka 1959, na miaka ya 1990 mwalimu mkuu wake, Priscilla Nangurai, alijulikana nchini kote kwa kuwapokea waliotoroka kuozwa. Wapo wazee waliomchukia hadharani. Wajukuu wao ni wauguzi.

Sasa Kitengela. Ranchi yake iligawanywa mwaka 1988, na baada ya hapo viwanda vya EPZ, vya bidhaa za kuuza nje, vikafunguliwa Athi River. Ardhi ikakatwa viwanja, wapangaji wakamiminika. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji huo mmoja, na 64,214 katika kaunti ndogo yote ya Mashuuru. Lakini tofauti si wingi tu. Wengi wa waliohamia Kitengela ni watu wa mshahara, waliosoma wenyewe, wenye stima mezani na shule kadhaa za kuchagua. Huku kwetu, ukame wa 2020 hadi 2022 ulipobana, wachungaji walihama na mifugo, na mbuzi wa kulipia karo akakosa mnunuzi wa maana.

Elimu ya sekondari za kutwa iliondolewa ada ya masomo mwaka 2008, nayo pesa za CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, zikajenga madarasa karibu na vijiji. Jambo jema, sibishani nalo. Ila alama za KCPE, mtihani wa darasa la nane, hadi ulipokoma mwaka 2023, zilimpeleka mtoto hodari wa Mashuuru shule ya kitaifa mbali na hapa. Shule yetu ikaachiwa tena mtoto aliyebaki, safari hii na wizara badala ya baba.

Serikali ilipiga marufuku kupanga shule kwa nafasi mwaka 2014, lakini watu waliendelea kupiga hesabu za wastani wa kila shule wenyewe. Kwangu, msichana aliyeingia na alama 190 kati ya 500 akatoka na gredi ya C amefundishwa kuliko aliyeingia na 400 akatoka na B, na walimu wake wanastahili sifa ambayo wastani hauwapi.

Basi wazee wangu, msinipigie matokeo yakitoka. Nendeni shuleni Januari, siku wanafunzi wapya wanapoandikishwa, mwone wamekuja na alama gani, wametembea kutoka wapi, na nani amewalipia sare. Mkishajua hayo, nipigieni tuzungumze wastani.