Kompyuta Iliyokula Taarifa ya Habari

Kama umewahi kuweka simu karibu na spika ukasikia "trrt-trrt-trrt" kabla ya ujumbe kuingia, basi somo la leo unalijua tayari. Redio iliyo ndani ya simu ya GSM huwaka na kuzima mara 217 kwa sekunde inapowasiliana na mnara, na nyaya za spika huipokea bila kuombwa. Lakini kabla ya simu kulikuwa na kompyuta, na kelele zake zina historia ndefu ambayo sisi waandishi wa programu huipuuza kwa sababu haionekani kwenye msimbo.

Mimi nililijua jambo hili nyumbani Mutuini, upande wa Dagoretti, mwaka wa 2000. Nilinunua kompyuta ya kuungaunga mjini, nikaiweka sebuleni, hatua mbili kutoka kwa redio ya baba. Baba alikuwa msikilizaji wa KBC Idhaa ya Kiswahili, na saa moja jioni hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Siku ya kwanza nilipoiwasha, taarifa ya habari ikageuka kuwa mngurumo. Akadhani kituo kina hitilafu. Siku ya tatu akanitazama tu: "Zima hicho kitu, kuna matangazo ya vifo." Hapo si mzaha, ndugu msomaji. Wakati ule familia nyingi zilijua mazishi ni lini na wapi kupitia redio.

Kwa nini kompyuta inguruma? Kila sakiti ya dijitali huwasha na kuzima umeme kwa kasi, na umeme unaobadilika ndani ya waya huufanya waya huo uwe antena. Tena mapigo yenye kona kali hayabaki kwenye masafa yake tu. Hutoa pia vizidishio vyake: mara tatu, mara tano, mara saba, na kuendelea. Yaani saa moja ya prosesa hugeuka kuwa vituo vidogo vingi vya redio ambavyo havina leseni.

Wapenzi wa kompyuta waliligundua mapema, tena wakalifurahia. Mwaka wa 1975, Steve Dompier wa klabu ya Homebrew kule California aliweka redio ndogo ya AM karibu na Altair 8800, mashine isiyokuwa na spika wala skrini. Aliandika programu yenye mizunguko ya urefu mbalimbali, na redio ikaimba. Kompyuta ya TRS-80 ya Radio Shack, iliyotoka 1977, ilikuwa na kelele kiasi kwamba baadhi ya michezo yake ilitumia redio ya AM kando yake kama spika. Prosesa yake ilikwenda kwa MHz 1.77, juu kidogo ya mwisho wa masafa ya MW, na mizunguko ya programu ikatua mle mle ndani.

Majirani hawakufurahia. Malalamiko ya televisheni zilizojaa mistari yaliifanya tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, kutunga kanuni mwaka wa 1979. Daraja A lilikuwa la ofisi na viwanda, daraja B la nyumbani, na B ndilo lenye masharti makali zaidi. Kuanzia Januari 1981 TRS-80 ya kwanza haikuuzwa tena, kwani kuirekebisha ili itimize kanuni haikuwa na faida. Atari 400 na 800 zilikuwa nzito kwa sababu zilivishwa ganda nene la alumini kwa ajili ya jambo hilohilo. Ulaya nayo ikafuata: viwango vya CISPR 22 vilitoka 1985, na kuanzia 1996 bidhaa haikuuzwa huko bila kutimiza masharti ya aina hiyo.

Sasa njoo huku kwetu. IBM PC ya 1981 ilikuwa na saa ya MHz 4.77, namba iliyopatikana kwa kugawa kwa tatu kristali ya MHz 14.318, ambayo nayo ilichaguliwa ili ipatane na televisheni za rangi za Marekani. Angalia namba hiyo tena. Kati ya kHz 4750 na 5060 kuna masafa yaliyotengwa kwa nchi za tropiki kutangazia raia wake, maana huku radi huharibu MW sana. Saa ya IBM ilitua ndani yake! Na kanuni za FCC zilipima kelele za hewani kuanzia MHz 30 kwenda juu. Chini ya hapo zilipima tu zile zinazotoka kupitia waya wa umeme. Sisemi ni njama. Nasema aliyeandika kanuni hakuwa na shangazi anayesikiliza masafa mafupi.

Kuna jingine. Viwango vya daraja B vinachukulia kwamba kati ya kompyuta na redio ya jirani kuna mita 10 hivi. Nenda kwenye ploti yoyote ya kupangisha kuanzia Mutuini hadi Kawangware: chumba ni futi 10 kwa 10, ukuta ni wa mabati au mbao, na redio ya jirani iko mita 2 kutoka kichwani pako.

Kompyuta yangu haikuwa na shida ya prosesa. Nilipofungua pawasaplai niliona kwenye ubao alama za koili za kuchuja kelele, lakini mahali pa koili pamewekwa vipande vya waya. Kiwanda kilibana senti. Pia soketi yetu ya ukutani ilikuwa na tundu la athi lisilounganishwa na chochote, na kapasita za kichujio hutegemea athi. Bila athi, kelele hurudi kwenye nyaya za nyumba, na ganda la kompyuta hukutekenya ukiligusa kwa mkono wenye maji. Fundi alipigilia nondo ardhini nyuma ya nyumba, akavuta waya. Mngurumo ulipungua, haukuisha. Uliobaki ulikuwa wa monita.

Mwaka wa 1985, Mholanzi Wim van Eck alionyesha kwamba mawimbi ya monita yanaweza kunaswa kutoka mbali na picha yake kusomwa kwenye televisheni iliyorekebishwa kidogo. Mwaka wa 2001, Erik Thiele akatoa programu iitwayo Tempest for Eliza, inayochora mistari kwenye skrini ili redio ya AM icheze Beethoven. Niliijaribu pale pale sebuleni. Baba alisikiliza redio yake ikiimba kutoka kwenye kioo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hivyo unaweza kuiambia inyamaze saa moja?"

Niliandika skripti ya kuzima skrini saa moja kasoro dakika tano. Naihesabu kuwa programu yangu ya kwanza kupata mtumiaji.

Televisheni ilibadilika mwaka wa 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa nchini. Tangu hapo kelele hazileti mistari. Picha huganda au huvunjika vipande, na watu hulaumu king'amuzi. Monita za kioo kizito zimekwenda, lakini chaja za bei rahisi na balbu za LED zimechukua zamu. Baba ameigundua ya sebuleni kwake bila kifaa chochote. Taarifa ikianza, huizima na kukaa gizani.